Kukunja Tanga la Jahazi la Mfano na Kulifunga Kwenye Foromali

Kila anayemaliza umbo la jahazi lake la kwanza la mfano huja na maswali yaleyale. Tanga nilikate kwa kitambaa gani? Mbona nikilikunja linafura mpaka linafunika mlingoti? Na foromali, ule mti unaobeba tanga, niiweke wapi kama tanga halijatwekwa, yaani halijapandishwa? Mwongozo huu ni wa kuyajibu hayo kwa pamoja, kuanzia kipande cha karatasi hadi kijahazi kukaa kabatini.

Jambo moja lishike tangu sasa, maana hatua nyingi zinalitegemea: tanga la kukunjwa halikatwi sawa na tanga la kutwekwa. Urefu wake kwenye foromali unabaki uleule. Kinachopunguzwa ni kina, yaani kule kushuka kwake kutoka foromali kwenda chini. Wengi hukata tanga zima, wakalishona vizuri kabisa, halafu wakajaribu kulikunja. Hapo ndipo kazi ya wiki nzima inapoharibika kwa nusu saa.

Kwa nini ujisumbue kulikunja? Kwanza, jahazi lililokaa juu ya kigoda sebuleni halina upepo, na tanga lililotuna bila upepo hulijua mtu yeyote aliyekulia pwani. Pili, tanga wazi huficha nusu ya kazi yako: sitaha, mastamu (kikalio cha mlingoti), gofia (kapi ya kamba), kamba. Kijahazi kilichotia nanga huonyesha kila kitu.

Kwanza nenda ukaangalie

Ukiwa Lamu, Mombasa au Unguja, huna kisingizio. Kaa ukutani mbele ya mji wa Lamu, au nenda bandari ya kale ya Mombasa, au Malindi kule Unguja, utazame majahazi yaliyotia nanga. Piga picha kutoka ubavuni, si kutoka mbele. Angalia mambo matatu: bunda la tanga lina unene gani ukililinganisha na foromali yenyewe, limenenepa wapi na limekonda wapi, na kamba za kulifungia zimeachana kiasi gani. Aliye mbali na bahari atafute picha za ubavuni zilizo wazi. Makumbusho ya Lamu nayo ina mifano ya vyombo vya pwani inayofaa kutazamwa kwa karibu.

Vipimo tutakavyotumia

Ili tusizungumze hewani, tuchukue jahazi la mita 15 kwa kipimo cha 1:50. Umbo lake litakuwa sentimita 30, na foromali ya mita 16 itakuwa sentimita 32. Chako kikiwa kikubwa au kidogo zaidi, zidisha au gawanya.

Hesabu ya unene ni hii tu, na sitairudia. Bunda la tanga la kweli la jahazi la kadiri hii huwa na unene wa kama shibiri moja pale linaponenepa. Kwa 1:50 hiyo ni milimita 4 hadi 5. Kitambaa cha pamba cha kawaida kina unene wa karibu milimita 0.2, na kwa kipimo hicho ni sawa na tanga lenye unene wa sentimita nzima. Hakuna baharia anayeweza kulikunja tanga la namna hiyo. Basi kitambaa chako ni kinene mara nyingi kuliko inavyotakiwa, na njia za kuepuka hilo ni mbili: utumie kitu chembamba zaidi, au ukikate kiwe kifupi sana kwa kina. Sisi tutafanya yote mawili.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Karatasi ya shashi, ile nyembamba ya kufungia zawadi au viatu vipya, iwe nyeupe na isiyo na maandishi. Hii ndiyo ninayoipendekeza kwa kipimo cha 1:50 na vidogo zaidi.
- Au bafta nyembamba iliyofuliwa na kupigwa pasi, ikiwa kijahazi chako ni kikubwa, tuseme 1:20 au 1:25.
- Gundi nyeupe ya mbao, ile inayochanganyika na maji.
- Rangi ya akriliki: nyeupe, kahawia na nyeusi kidogo.
- Vijiti viwili vya mishikaki vya mwanzi vilivyonyooka, kwa foromali.
- Uzi wa pamba au kitani wa unene wa aina tatu: karibu milimita 0.25, 0.4 na 1. Rangi ya kamba ya makumbi au ya katani, si nyeusi.
- Nta ya nyuki, kipande kidogo.
- Sindano nyembamba, kibano chenye ncha, mkasi mkali, wembe, msasa laini, penseli ngumu, rula.
- Vibanio vya nguo vinne au vitano, na brashi mbili: moja ya gundi, moja kavu na laini.
- Karatasi ya nailoni ya kutandika mezani, gundi isishike meza.

Supaglu iweke mbali kabisa. Ikigusa shashi au uzi hufanya doa jeusi linalong'aa, na hapo huna la kufanya ila kuanza upya. Vilevile usitumie uji wa wanga badala ya gundi, hata kama bibi alikuwa akigandishia kanga kwa wanga. Mende wa pwani watalila tanga lako usiku.

Hatua kwa hatua

1. Amua jahazi liko katika hali gani. Kuna hali tatu zinazokubalika. Ya kwanza: foromali imetuliwa chini kabisa, imelala kwa urefu wa chombo. Ya pili: foromali imening'inia nusu mlingoti kwa mshazari, ncha ya mbele ikiwa chini karibu na omo, yaani mbele ya chombo, na ya nyuma ikiwa juu. Ya tatu: foromali imepandishwa hadi juu, tanga likiwa limefungwa kwa nyuzi dhaifu zinazokatika nahodha anapoamuru demani, kamba ya kona ya chini ya tanga, ivutwe. Anayeanza achague ya pili. Ya kwanza ni rahisi kufunga lakini bunda linafunika sitaha yote. Ya tatu ni tamu kuliko zote, ila inadai kila kamba iwe imekazwa mahali pake, na kosa dogo linaonekana toka mlangoni.

Uamuzi huu ufanye sasa, si baadaye. Ndio unaosema bunda likae upande gani wa foromali na kamba ngapi ziwe zimelegea.

2. Tengeneza foromali. Foromali ya jahazi kubwa mara nyingi si mti mmoja. Ni miti miwili au zaidi iliyopandanishwa na kufungwa kwa kamba, na ukiiga hivyo kijahazi chako kinapata uhai hata kabla ya tanga. Chukua vijiti viwili, vipandanishe katikati kwa kama sentimita 10, na upande unaogusana wa kila kimoja uuparue kwa wembe mpaka uwe bapa. Gundisha, bana kwa vibanio, acha usiku kucha. Kata urefu uwe sentimita 32. Kisha piga msasa ncha zote mbili zikonde hadi milimita 2. Mwisho funga uzi wa milimita 0.4 mahali pa muungano: mafungu matatu au manne, kila fungu mizunguko mitano iliyobanana. Paka rangi ya mti mkavu uliopigwa na jua, ya kijivu kuliko kahawia.

Usitoboe mlingoti ili kupitisha foromali. Nimewaona wengi wakifanya hivyo. Foromali haipiti ndani ya mlingoti, inakaa ubavuni mwake, ikishikwa na henza (kamba ya kuitweka) na kitanzi cha kamba.

3. Chora kiolezo cha tanga kamili. Tumia karatasi ya kawaida. Tanga la jahazi si pembetatu kamili: kona yake ya mbele imekatwa, kwa hiyo lina pande nne. Kwa mfano wetu, chora mstari wa sentimita 30, huo ni upande wa foromali (unaacha sentimita moja tupu kila ncha). Kutoka mwanzo wake wa mbele shusha upande mfupi wa sentimita 3. Kisha pima sentimita 17 kutoka mbele kwenye mstari wa foromali, shuka sentimita 16, weka nukta. Hiyo ndiyo kona ya demani. Iunganishe na mwisho wa upande mfupi, na na mwisho wa nyuma wa foromali. Upande wa chini utakuwa na kama sentimita 21 na nusu, na wa nyuma kama 20 na nusu.

Kiolezo hiki hukikati. Unakihitaji ili ujue tanga limeingia kina wapi, kwa sababu pale lilipo na kina kirefu ndipo bunda litakaponenepa.

4. Punguza kina. Juu ya kiolezo hichohicho chora tanga la pili lenye upande uleule wa foromali, lakini kila kipimo cha kushuka chini kikiwa kimepunguzwa kwa kiwango kimoja:

- Kwa shashi, bakiza theluthi mbili. Kina cha sentimita 16 kinakuwa 10 na nusu, na upande mfupi wa mbele unakuwa sentimita 2.
- Kwa bafta, bakiza robo hadi theluthi. Kina kinakuwa sentimita 4 hadi 5.

Kona ya demani ibaki palepale, sentimita 17 kutoka mbele. Kosa la kawaida hapa ni kukata mstatili, yaani ukanda wenye kina kimoja mwanzo hadi mwisho. Utapata bunda lenye unene mmoja kote, na hilo halijapata kuonekana kwenye jahazi lolote. Tanga la kweli hukonda kwenye ncha zote mbili na kunenepa kupita katikati kidogo, kuelekea nyuma.

5. Pa shashi nguvu na rangi. Shashi kavu ikiloa inachanika, kwa hiyo usiikunje ikiwa ghafi. Tandika nailoni, weka shashi juu. Changanya gundi kipimo kimoja na maji vipimo vinne, tia rangi ya akriliki ndani: nyeupe nyingi, kahawia tone, nyeusi chembe. Rangi unayoitaka ni ile ya pamba ambayo haijapaushwa. Merikani, ile nguo ambayo wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, waliileta Unguja kwa wingi katika karne ya 19, haikuwa nyeupe, ilikuwa ya rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Baada ya miezi ya jua la kaskazi na mvua za masika, tanga huenda kwenye kijivu. Tanga jeupe pe linafanya hata jahazi zuri lionekane limetoka dukani.

Paka kwa brashi mara moja, kutoka katikati kwenda kingo. Usirudie palipoloa. Iache ikauke kabisa kwenye nailoni, kisha ibandue polepole.

Kwa bafta wengi hutumia chai ya rangi iliyochemka sana. Inafanya kazi, na rangi yake ni nzuri. Ila chai ina asidi, na kijahazi unachotaka kidumu miaka mingi ni bora ukitie akriliki iliyozimuliwa.

6. Chora mishono, kata, tia kamba ya pindo. Tanga hushonwa kwa mapande ya kitambaa. Kwa penseli ngumu chora mistari myepesi, sambamba na ukingo wa nyuma, ikiachana milimita 12 hadi 15. Mingi itapotea ndani ya mikunjo, lakini miwili mitatu itakayochungulia ndiyo itakayomwambia mtazamaji kuwa hii ni nguo. Kata kwa wembe mpya. Kisha gundisha uzi wa milimita 0.25 kuzunguka kingo zote nne. Kwenye kona ya demani acha kitanzi kidogo cha uzi kikitokeza nje, maana hapo ndipo demani itakapofungwa. Hapa usiharakishe: ukingo wenye kamba ndio utakaokaa juu kabisa ya bunda, mbele ya macho ya watu.

Kiraka kimoja ukipenda. Viwili vikizidi.

7. Lifunge tanga kwenye foromali. Fanya hivi foromali ikiwa mezani, si juu ya mlingoti. Fungia kwanza kona mbili za ncha. Kisha pitisha uzi kwa sindano kwenye ukingo wa juu, zungusha foromali, endelea; kila tundu liachane na jingine kwa milimita 8 hadi 10. Uzi upitishe kwenye nta kwanza: nta inalaza vinyweleo vya pamba, ambavyo kwa kipimo cha 1:50 vinaonekana vinene mno. Tanga likae chini ya foromali likiwa limenyooka, lisivutwe hadi likafanya mawimbi.

8. Kunja. Hii ndiyo hatua yenyewe, kwa hiyo nitaiendea taratibu.

Usilizungushe kama unakunja mkeka. Mabaharia hawalizungushi tanga. Wanalikusanya, wanalivuta kwa mikono fungu baada ya fungu kuelekea foromali, na yale mafungu yanalaliana ovyo ovyo lakini kwa mpango. Wewe utaiga hivyo kwa marinda.

Loanisha tanga kwa brashi yenye maji matupu, kiasi cha kulainika tu. Subiri dakika moja. Anza kwenye kona ya demani, palipo na kina kirefu. Shika ukingo wa chini kwa kibano, upandishe milimita 6, bonyeza, pandisha tena, mpaka ufike foromali. Marinda ya shashi hayatakuwa sawa, na hilo ni jema. Sogea kuelekea nyuma, kisha rudi kuelekea mbele. Kadiri unavyokaribia ncha, marinda yanapungua, na kwenye ncha yenyewe unabakiwa na rinda moja au mawili tu.

Rinda la mwisho, la nje, liache liwe pana kidogo ili lifunike mengine, liwe ngozi ya bunda. Yaliyo ndani yasukume ndani kwa ncha ya kijiti. Kisha tazama kutoka ubavuni ukiwa umeinama macho yalingane na foromali. Unaona mstari wa chini wa bunda ukishuka taratibu kutoka mbele, ukanenepa kupita katikati, ukapanda tena nyuma? Vizuri. Unaona nundu? Ibonyeze sasa, kabla ya maji kukauka.

Kitanzi cha demani lazima kibaki nje. Ukikizika ndani, tanga lako litakuwa halina namna ya kufunguliwa, na mzee yeyote wa Matondoni, kijiji cha Lamu cha mafundi wa majahazi, atakicheka kijahazi chako bila kukuonea haya.

Bafta inasumbua kidogo zaidi kwa sababu hujikunjua. Iloweshe kwa gundi ya moja kwa nne badala ya maji matupu, na ushike kwa vibanio kila baada ya marinda machache.

9. Funga kamba za kuzuilia. Tumia uzi wa milimita 0.4. Umbali kati ya kamba na kamba uwe kama pima moja ya kweli (upana wa mikono miwili iliyonyooshwa), na kwa 1:50 hiyo ni karibu sentimita 3 na nusu. Kwa tanga letu utapata kamba nane. Anza ya katikati, halafu moja nyuma, moja mbele, kwa zamu. Ukianza ncha moja utalisukuma tanga lote upande mmoja. Zungusha bunda na foromali kwa pamoja mara mbili, kaza, funga fundo upande usioonekana, tone dogo la gundi nyeupe iliyozimuliwa, kata uzi uliobaki.

Ukikaza sana, kamba inazama na nguo inafura pande zake mbili. Ukilegeza, kamba inaning'inia. Kaza mpaka nguo ibonyee kidogo tu, basi. Na usipime umbali kwa rula mpaka ukalingana kabisa. Anayefunga tanga la kweli anafunga pale mkono unapofika.

10. Acha ikauke. Usiku mzima, foromali ikiwa imeegemezwa ncha zake mbili juu ya vitu viwili, bunda likielea. Ukililaza mezani litakuwa bapa upande mmoja. Likikauka, gusa mikunjo ya juu kwa brashi karibu kavu yenye rangi ya kijivu chepesi, na ndani ya mikunjo tia kahawia iliyozimuliwa sana. Kidogo. Macho yatafanya kazi iliyobaki.

11. Ining'inize. Funga henza kwenye foromali mahali fulani kati ya theluthi na nusu ya urefu wake, ukihesabu kutoka mbele. Uzi wa milimita 1. Ipitishe kwenye tundu la juu ya mlingoti, ishuke upande wa nyuma, ifungwe gofia, na kutoka kwenye gofia jarari, kamba za kuvutia henza, ziteremke hadi sitahani nyuma ya mlingoti. Kumbuka mlingoti wa jahazi umeinamia mbele, na jarari zilizokazwa nyuma zinasaidia kuushikilia. Zikiwa zimelegea na foromali iko juu, mlingoti mzima unasema uongo.

Foromali ikae upande mmoja wa mlingoti, kushoto au kulia, na bunda nalo upande huohuo. Kitanzi cha kamba kiukumbatie mlingoti na foromali pamoja, kiwe na nafasi ya kuteleza. Kwa hali ya pili tuliyoichagua, ncha ya mbele ifike karibu na ukingo wa omo, na ifungwe hapo kwa kamba moja. Ncha ya nyuma ipande juu ya tezi, yaani nyuma ya chombo. Itapita mwisho wa chombo kidogo. Ndivyo ilivyo, usiikate.

12. Demani. Ifunge kwenye kitanzi ulichokiacha nje, iteremke bila kukazwa hadi nyuma, izungushwe kwenye kishikizo chake, na inayobaki ikunjwe mizunguko michache juu ya sitaha. Uzi mkavu hukataa kuteremka kwa uzito wake. Ulowanishe kwa gundi ya moja kwa nne, tundika kibanio cha nguo mwishoni mpaka ukauke, na utalala kama kamba yenye uzito.

Kama chombo chako si jahazi

Wapo wanaonunua vifurushi vya merikebu za Ulaya, na Cutty Sark, iliyoshushwa majini Uskochi mwaka 1869, ndiyo inayopendwa kupita nyingine. Matanga yake ni ya mraba, na kanuni ni ileile: urefu wa kwenye foromali usiguswe, kina kipunguzwe. Tofauti ni mbili. Bunda hukaa juu ya foromali kuelekea mbele, si chini yake, na linanenepa katikati kabisa, mbele ya mlingoti, kwa sababu nguo nyingi ilikusanywa hapo. Kwa kipimo cha 1:100 usifikirie hata kutumia kitambaa.

Mtepe, chombo cha kale cha pwani cha mbao zilizoshonwa kwa kamba, nao ulikuwa na tanga la mraba, lakini la majani yaliyosukwa. Shashi haifai kwa huo. Tafuta ukindu mwembamba kabisa, na usuke.

Mambo yakienda kombo

*Bunda limekuwa nene.* Usikaze kamba zaidi. Loanisha, kunjua, punguza kina kwa robo nyingine, rudia hatua ya 8. Shashi inakubali kurudiwa mara moja. Mara ya pili afadhali ukate mpya.

*Shashi inachanika wakati wa kukunja.* Maji yamezidi, au gundi ya hatua ya 5 ilikuwa hafifu. Mchaniko mdogo uache uingie ndani ya rinda. Mkubwa ugundishie kiraka cha shashi hiyohiyo, na uone fahari: jahazi lisilo na kiraka halijasafiri.

*Tanga linang'aa.* Gundi imekuwa nzito. Pitisha akriliki isiyong'aa iliyozimuliwa kwa maji, safu moja.

*Foromali imepinda.* Mti mwembamba ukiloa upande mmoja hupinda. Kupinda kidogo ncha zikishuka ni sawa, hata foromali za kweli hufanya hivyo kwa uzito wa tanga. Ikipinda kwenda pembeni, ipitishe juu ya mvuke wa birika, inyooshe kwa vidole, ibane kwenye ubao mpaka ipoe.

*Kamba zinakaza na kulegea zenyewe.* Hewa ya pwani hiyo. Pamba hukaza unyevu ukipanda na kulegea hewa ikikauka. Nta inapunguza tatizo, haiondoi. Kamba ambazo hazibebi kitu ziache na ulegevu kidogo tangu mwanzo, na usikaze chochote siku ya jua kali la mchana.

*Bunda linaelekea kuzunguka foromali na kukaa juu yake.* Kamba za hatua ya 7 zimelegea. Ongeza tone la gundi nyeupe kila baada ya matundu matatu, upande wa nyuma.

*Fundo zinaonekana kubwa.* Fundo moja badala ya mbili, na gundi ifanye kazi iliyobaki. Kwa uzi wa 0.4, fundo mbili zilizopandana ni kama ngumi ya mtu mzima pale sitahani.

*Vumbi.* Kisanduku cha kioo ndicho dawa, na kisikae panapopigwa na jua la dirishani, kwani uzi hupauka haraka kuliko mti. Kama huna kisanduku, pangusa kila mwezi kwa brashi kavu na laini kutoka foromali kwenda chini. Ukipangusa kwenda juu, nywele za brashi zitanasa chini ya kamba za kufungia na kuzivuta.